Kunguru huyu ni yupi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kunguru wa pwani, bara na ughaibuni

Ukipita soko la samaki la Tanga asubuhi, kisha ukapanda basi la Lushoto kupitia Korogwe na Mombo, unaweza kuona kunguru wa aina tatu kabla jua halijatua. Wa mjini ana shingo ya kijivu, wa njiani ana kifua cheupe, na wa kwenye majabali ya Usambara ana doa jeupe kisogoni na mdomo mnene wa kutisha. Wote watatu tunawaita kunguru, na kwa mazungumzo ya kawaida inatosha. Ila siku hizi kunguru mmoja kati ya hao anawindwa kwa mitego na sumu, na wenzake wasio na kosa wanauawa pamoja naye kwa sababu tu watu hawakutazama vizuri. Hilo ndilo lililonifanya niyajibu maswali haya kwa urefu.

Nikimwona kunguru, nianze kutazama nini?

Tazama kwanza rangi isiyo nyeusi iko wapi. Kijivu shingoni na sehemu ya juu ya kifua, kikififia bila mpaka mkali, ni alama ya kunguru Hindi, ambaye Mombasa na Kilifi wengi humwita kurabu. Nyeupe safi kifuani inayopanda mabegani na kuzunguka hadi nyuma ya shingo, kama fulana nyeupe ndani ya koti jeusi, ni ya kunguru kifua-cheupe, mwenyeji wetu wa siku zote. Nyeupe iliyoko kisogoni peke yake, huku kifua ni cheusi, ni ya kunguru shingo-nyeupe wa milimani. Asiye na doa lolote anahitaji kazi zaidi, na jibu lake liko chini.

Baada ya rangi, tazama mdomo, kisha mkia anaporuka. Ukubwa uache mwisho. Ndege aliye peke yake angani hana kitu cha kumpimia, na nimesikia watu wazima wakiapa kwamba kunguru wa kawaida aliyekaa juu ya nguzo ya umeme alikuwa na ukubwa wa tai.

Je, wale kunguru wakubwa wa milimani na jangwani ni ndege tofauti kabisa na hawa wa mjini?

Hapana. Wote wamo katika jenasi moja, Corvus, yenye spishi zaidi ya 40 duniani. Mgawanyo wa “kunguru wakubwa” na “kunguru wa kawaida” umetokana na macho ya watu na desturi za lugha za Ulaya, haukutokana na ukoo wa ndege wenyewe. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kunguru kifua-cheupe, tunayemwona kila siku shuleni na jalalani, yuko karibu zaidi kiukoo na kunguru wakubwa kuliko alivyo karibu na kunguru Hindi anayegombania naye mabaki ya samaki.

Hata hivyo kuna dalili zinazosaidia. Kunguru wakubwa kwa kawaida wana mdomo mnene uliopinda kwa juu, na wengi wana manyoya marefu ya kooni yanayosimama wanapolia. Hupenda kuelea angani kwa muda mrefu bila kupiga mabawa, wakipanda na hewa ya moto kama wafanyavyo mwewe. Mara nyingi huwa wawili wawili, dume na jike. Kunguru wa kawaida hupiga mabawa mfululizo na kukusanyika kwa makundi. Lakini usizifanye dalili hizi kuwa sheria. Kunguru shingo-nyeupe hukusanyika kwa makumi panapokuwa na takataka, na kunguru mkia-mfupi wa Turkana anahesabiwa miongoni mwa wakubwa ingawa urefu wake ni kama sentimita 47 tu, sawa na kifua-cheupe.

Kunguru Hindi alifikaje kwetu?

Aliletwa. Asili yake ni India, Pakistani, Sri Lanka, Bangladeshi na nchi za jirani. Katika miaka ya 1890 utawala wa Waingereza Unguja uliagiza ndege hao ili wale takataka za mji. Walizikuta takataka, wakakuta pia mayai na makinda ya ndege wa kisiwa, vifaranga vya kuku, matunda na samaki wa kuanikwa, wakazaana. Mombasa alirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Leo ametapakaa katika miji ya mwambao wetu, na amekuwa akiingia bara kwa kufuata barabara kuu, kituo cha mabasi hadi kituo cha mabasi.

Jambo la kushangaza kuhusu ndege huyu ni kwamba hajulikani kuishi popote duniani mbali na binadamu. Hana msitu wake wala nyika yake. Mahali pasipo na jalala, soko, bucha au diko la wavuvi, hakai. Kwa hiyo ramani ya kunguru Hindi ni ramani ya uchafu wetu, na naamini hakuna mpango wa kumdhibiti utakaofaulu bila kuanza na mapipa ya taka yenye vifuniko.

Anasafiri pia kwa meli. Wawili walionekana Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, mwaka 1994, wakazaa huko na kuvumilia baridi ya Ulaya miaka kadhaa kabla ya wakuu wa huko kuamua kuwaondoa.

Nitamtofautishaje na kunguru kifua-cheupe nisije nikamdhuru asiyehusika?

Hili ndilo swali ninaloliona la maana kuliko yote hapa.

Kunguru Hindi ni mwembamba, urefu wake sentimita 40 hivi na uzito wake kati ya gramu 250 na 350. Kipaji cha uso, utosi na koo ni vyeusi vinavyong’aa. Kisogo, shingo na kifua cha juu ni vya kijivu. Kunguru kifua-cheupe ana urefu wa sentimita 46 hadi 50, uzito wake hupita nusu kilo, na mpaka kati ya nyeupe na nyeusi ni mkali. Anaporuka juu yako utaona weupe wa kifua hata kwa mbali. Wa Kihindi akipita juu yako huonekana mweusi mtupu.

Shida hutokea kwa ndege wachafu na makinda. Kifua-cheupe anayelala jalalani huwa na kifua cha rangi ya vumbi, na kinda lake huwa na weupe usio safi, hivyo mtu huweza kusema “huyu ana kijivu.” Hapo tazama kisogo na kifua kwa pamoja. Kwa kifua-cheupe kichwa chote hadi kooni ni cheusi, na weupe huanzia chini ya koo. Kwa kunguru Hindi kijivu hupanda nyuma ya kichwa, na weusi hubaki usoni, utosini na kooni.

Kumbuka pia kwamba katika miji ya pwani kifua-cheupe amepungua sana kwa kufukuzwa na mgeni. Ukimwona Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, umemwona mwenye nyumba aliyebaki na chumba kimoja. Mwache.

Je, ni halali kuwaua kunguru Hindi? Nimesikia habari za sumu.

Kenya, mwaka 2024, Shirika la Huduma za Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru Hindi pwani kwa idadi ya milioni 1 kufikia mwisho wa mwaka huo. Unguja iliwahi kufanya kazi kama hiyo miaka ya 1990, na idadi ikashuka sana, kisha juhudi zilipolegea ndege wakarudi. Sumu inayotumika huitwa starlisaidi. Hufanya kazi polepole, na mwili wa ndege huivunja kabla hajafa, kwa hiyo hatari kwa mwewe au paka atakayekula mzoga ni ndogo kuliko kwa sumu nyingine.

Lakini hiyo ni kazi ya wataalamu wenye kibali. Kwanza huwazoesha kunguru chakula mahali pamoja kwa siku kadhaa, wakichunguza ni ndege gani wengine wanaokuja kula, na wakiona wenyeji wanajichanganya, hawaweki sumu. Mtu binafsi anayemwaga sumu ya panya au dawa ya mifugo kwenye utumbo wa samaki anaua mwewe, kaloli, mbwa wa jirani, na anaweza kumuua mtoto. Silitetei jambo hilo hata kidogo, hata kwa mtu aliyepoteza vifaranga vyote vya banda.

Unachoweza kufanya nyumbani ni kufunika taka, kufunika samaki wa kuanika kwa wavu, na kubomoa kiota cha kunguru Hindi kinapoanza kujengwa kwenye mwembe, mkungu au mwarobaini wako, baada ya kuhakikisha kwamba ni chake.

Wale wanaofungua mabegi ya wapandaji Kilimanjaro ni akina nani?

Kunguru shingo-nyeupe, Corvus albicollis. Wapagazi wanawajua vizuri, maana kwenye kambi za Kilimanjaro hawakosekani. Wana urefu wa sentimita 50 hadi 54, mkia mfupi, mabawa mapana, na mdomo mkubwa mweusi wenye ncha nyeupe. Ncha hiyo nyeupe ni alama nzuri kama kisogo kimefichika. Hukaa mahali penye majabali, kwa sababu hutaga kwenye vibaraza vya miamba: Usambara, Uluguru, Mlima Kenya, Hell’s Gate karibu na Naivasha, hadi Afrika Kusini.

Zipu haimsumbui. Chakula kikiachwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ataufungua na kukitoa. Porini hula mizoga, wadudu, matunda na ndege wadogo, na anajulikana kwa kumbeba kobe mdogo juu na kumdondosha kwenye mwamba ili gamba lipasuke. Sauti yake huwashangaza wengi: kwa ndege mwenye mdomo kama ule ungetegemea mngurumo mzito, kumbe anakoroma kwa sauti nyembamba.

Nilikuwa Nanyuki nikaona kunguru mweusi tii, hana doa. Je, ni kunguru Hindi aliyekomaa?

Kunguru Hindi habadiliki kuwa mweusi akikomaa. Uliyemwona ni kunguru mweusi wa nyanda za juu, Corvus capensis. Mdomo wake ni mwembamba na mrefu kiasi, umbo lake jembamba, na hutembea mashambani na kwenye malisho akichimbua wadudu na punje. Katika Kenya utampata Nakuru, Naivasha, Laikipia. Katika Tanzania yuko kaskazini, upande wa Ngorongoro na Loliondo. Anapolia huinamisha kichwa na kututumua manyoya ya koo, na mbali na kelele yake ya kawaida hutoa sauti za kububujika kama maji chupani.

Mgawanyo wake kijiografia ni wa ajabu. Kuna jamii moja kuanzia Sudani na Ethiopia hadi kaskazini mwa Tanzania, na nyingine kusini mwa Afrika, na katikati ya hizo mbili pana pengo kubwa asikopatikana kabisa. Makinda yake na ndege ambao manyoya yao yamechakaa kwa jua huonekana wa kahawia, na hapo ndipo watu hudhani wamepata aina mpya.

Na kaskazini mwa Kenya je? Turkana, Marsabit, Wajir?

Huko kuna wawili wa kuwajua. Kunguru mkia-mfupi, Corvus rhipidurus, akiruka anaonekana kama hana mkia: mabawa mapana, miguu karibu kufika ncha ya mkia, umbo kama la popo mkubwa au tumbusi mdogo. Anapenda miamba, na Lodwar humkosi. Kwenye joto hukaa akihema mdomo wazi. Anapatikana pia Karamoja nchini Uganda, Ethiopia, Somalia, Yemeni hadi Omani.

Wa pili ni kunguru wa Somalia, Corvus edithae, anayeenea Somalia, Djibuti, mashariki ya Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Kwa mbali ni mweusi wote. Jua likimpiga utaona wekundu wa kahawia kichwani na shingoni. Mkia wake ni wa urefu wa kawaida, na hilo pekee linatosha kumtenga na mkia-mfupi.

Nimeona kunguru mwenye kifua cha madoa, si cheupe wala si cheusi. Amechanganya damu?

Inawezekana kabisa, kutegemea uko wapi. Katika Pembe ya Afrika, kifua-cheupe na kunguru wa Somalia hupandana, na watoto wao huwa na kifua cha kijivujivu chenye michirizi. Ukiwa Ethiopia au mpakani mwa kaskazini, lifikirie hilo. Ukiwa Iringa au Kigoma, fikiria kwanza kinda la kifua-cheupe au ndege aliyejichafua.

Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hali ikoje?

Huko kazi ni nyepesi. Kampala, Kigali, Bujumbura, kunguru wa mjini ni kifua-cheupe, na milimani mashariki ya Kongo utampata shingo-nyeupe. Ndani ya msitu mnene wa Kongo huwakuti. Kifua-cheupe huingia kwa kufuata mashamba, barabara na vijiji vilivyokata msitu. Kunguru huyu anapenda sana mahali palipofunguliwa na binadamu, na kusini mwa Afrika ameongezeka kwa kujenga viota kwenye nguzo za umeme mahali ambapo hapakuwa na miti.

Uganda kuna jamaa mwingine wa kunguru, Ptilostomus afer: mweusi, mwembamba, mkia mrefu uliochongoka, hutembea kwa makundi kati ya ng’ombe na hata kupanda mgongoni mwa tembo. Wachanga wana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Si kunguru wa jenasi yetu, ila ukoo ni mmoja.

Mimi niko Omani. Hawa wa Maskati ni sawa na wale wa Zanzibar?

Ndiyo, kunguru Hindi wa Maskati na pwani ya Batina ni spishi ile ile. Jangwani utakutana na mwingine, kunguru shingo-kahawia, Corvus ruficollis, mkubwa zaidi, ambaye kahawia yake huonekana kwa mwanga mzuri tu. Milima ya Dhofari ina kunguru mkia-mfupi, yule yule wa Turkana. Dhofari nako mamlaka ya mazingira imeendesha kampeni ya kuwaondoa kunguru Hindi pamoja na maina, ndege mwingine mgeni kutoka Asia.

Nimehamia Uingereza na naona kunguru Hindi kwenye paa la kanisa!

Karibu hakika umemwona Coloeus monedula, ndege mdogo wa sentimita 34 hivi, mwenye kijivu kisogoni na jicho jeupe. Jicho ndilo la kutazama, maana la kunguru Hindi ni jeusi. Yule mweusi mtupu wa bustani za London ni Corvus corone. Mwenye uso mtupu wa rangi ya mfupa, anayetembea mashambani kwa makundi, ni Corvus frugilegus.

Ukienda Ireland, kaskazini mwa Uskoti, Skandinavia, Italia au Ulaya ya Mashariki utakuta Corvus cornix, mwenye mwili wote wa kijivu isipokuwa kichwa, kifua cha juu, mabawa na mkia. Yeye na yule mweusi wa London hukutana katika ukanda mwembamba unaokata Ulaya, ukipita Ujerumani karibu na mto Elbe, na humo huzaa machotara. Kwa muda mrefu walihesabiwa spishi moja.

Na Marekani na Kanada?

Huko swali la wakubwa na wa kawaida lina jibu safi kuliko kwetu, kwa sababu wote ni weusi na tofauti imebaki kwenye umbo. Kunguru wa kawaida, Corvus brachyrhynchos, ana sentimita 45 hivi na takriban nusu kilo. Mkia wake ukifunguka una ukingo wa mviringo. Kunguru mkubwa, Corvus corax, hupita sentimita 60 na uzito wake huweza kuzidi kilo 1; mkia wake umechongoka katikati, na sauti yake ni nzito, ya kooni: “krok.” Yule wa kawaida hulia “kaa, kaa.”

Corax mwenyewe hubadilika kwa eneo. Wa Greenland ni wakubwa sana, wa Afrika ya Kaskazini ni miongoni mwa wadogo. Ukiwa Texas kuna mwingine, Corvus cryptoleucus, ambaye mashina ya manyoya ya shingo ni meupe lakini huonekana upepo unapoyapeperusha tu. Mwambao wa mashariki una Corvus ossifragus, ambaye kwa macho hutamtofautisha na kunguru wa kawaida. Msubiri alie, utasikia sauti ya puani kama ya mtu anayekataa kitu.

Ni kweli kunguru hukumbuka uso wa mtu?

Kweli. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, John Marzluff na wenzake waliwakamata kunguru wachache mwaka 2006 wakiwa wamevaa kinyago, kisha wakawaachia. Kwa miaka iliyofuata kila aliyepita na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakukamatwa siku ile. Walikuwa wamejifunza kwa wenzao. Ndiyo maana mitego ya kunguru Hindi hufanya kazi vizuri mwanzoni na kudorora baadaye.

Nimemwona kunguru Hindi katika mji wa bara ambako hajawahi kuonekana. Nifanye nini?

Mpige picha akiwa ametulia, ya ubavuni ikionyesha shingo, na nyingine akiruka kama unaweza. Picha ya dhidi ya jua haisaidii, kila kunguru hutoka mweusi. Andika tarehe, mahali hasa, idadi, na kama kuna kiota. Kenya peleka taarifa kwa ofisi ya huduma za wanyamapori iliyo karibu au uiingize kwenye Kenya Bird Map. Tanzania wapo watunzaji wa Tanzania Bird Atlas. Na popote ulipo, eBird, hazina ya mtandaoni ya taarifa za ndege, hupokea. Usingoje upate uhakika kamili, picha itaamua. Wawili wa kwanza katika mji huondolewa kwa siku chache. Wakishafika mia, kazi hiyo ni ya miaka.